Kanga Iliyopima Gari la Zimamoto

Haya yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Wenzangu kikosini washaniita mwongo, na wewe ukitaka niite.

Mimi ni dereva wa zimamoto hapa Unguja. Tuliomba gari dogo litakalopenya Mji Mkongwe. Mkubwa wetu akatununulia gari la mtumba kutoka ng'ambo, kubwa, jekundu, ngazi hadi mbinguni. Alilipenda kwenye picha. Nilipomwambia halitapita vichochoroni, alinijibu, "Wewe endesha."

Siku ya kulitoa bandarini, alasiri, watu wamejaa kupiga picha, akaja bibi mmoja na doti ya kanga isiyokatwa, kaipiga fundo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishikie ncha hii."

Tukaitandaza mbele ya gari. Fundo halikufika hata upande wa pili.

"Upana wa uchochoro wetu mwisho wake hapa kwenye fundo," akasema. "Gari hii haingii kwetu Mkunazini. Nshapima. Na mimi siwezi kukimbia."

Mkubwa akacheka. "Bi mkubwa, mipira ya maji ipo. Usitie shaka."

Niligeuka kumtazama mkubwa, niliporudisha macho bibi hayupo. Watu wote wale, na hakuna aliyemwona akiondoka. Kanga imebaki mkononi mwangu, inanuka moshi. Niliitia chini ya kiti.

Mwaka haujesha, tukaitwa Mkunazini, mchana, nyumba inaungua. Gari likakwama mdomoni mwa uchochoro. Tukavuta mipira, ikaishia njiani. Majirani wakauzima moto kwa ndoo. Amini usiamini, niliitoa ile kanga nikapimia pale: ukuta mpaka ukuta, fundo limegusa sawasawa.

Majirani wakamtoa maiti. Nikamwona uso. Ni yeye.

Nilimuuliza bintiye kama mama aliwahi kuja bandarini.

"Bandarini? Mama kapooza miaka, kaka. Hata barazani hakushuka." Kisha akaiona kanga mkononi mwangu. "Hiyo umeitoa wapi? Hiyo ya mama, tuliitafuta nyumba nzima."

Nikaikunja, nikampa.

Mkubwa kapandishwa cheo. Gari lipo, linang'arishwa kila sikukuu. Nikilipanda nasikia moshi, hata likitoka kuoshwa, na wenzangu hawausikii. Nina hasira mpaka leo, na sizifichi.

Basi nyinyi mnaokaa vichochoroni, nisikilizeni mimi dereva wa gari hilo. Wekeni maji ngazini. Wazee wasiojiweza walazeni chini, karibu na mlango. Msitungojee.