Meli Iliyotuacha Goma

Nakumbuka asubuhi moja bandarini hapa Goma, mwanangu, meli ya Bukavu ikipiga honi na roho yangu ikiwa juu juu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wakitawala, nami nilikuwa kijana asiyetaka kulala mahali pamoja. Nilikuwa naondoka na bosi wangu kwenda ziwa Tanganyika, kwa kupitia Bukavu.

Bosi huyo alikuwa Mjerumani. Kwao alikuwa na mashua zake za kuvua heringi, samaki wadogo wa bahari ya baridi wanaotiwa chumvi ndani ya mapipa. Vita vikammalizia mashua, akaja kwetu kuuza samaki. Tulimwita Papa Mapipa. Hakujua kutulia; hata chai aliinywa amesimama. Aliposikia kwamba Tanganyika kuna ndagala, vidagaa vya huko, wanaotembea makundi makundi kama heringi wake, usingizi ukamkimbia. Nami nilimpenda kwa hilo. Mtembezi hula miguu yake, wazee walituambia, lakini nani alisikiliza?

Tukipakia mapipa, akaniuliza kama baba yangu amebariki safari. Nikamwambia ukweli: baba yuko Munigi, tumegombana kwa kuwa nimelikataa jembe lake, na sijakanyaga kwake tangu mavuno ya maharagwe. Munigi, mwanangu, hapo juu tu!

Akaanza kwenda huku na huku. Akanieleza kwamba zamani, heringi walipopita karibu na kwao, aliikimbilia mashua bila kumuaga baba yake, kwa maana samaki hawangoji mtu. Aliporudi, mzee alikuwa amezikwa.

"Mimi sikuaga wangu," alisema. "Meli iende. Ingine itakuya."

Akaamuru mapipa yashushwe. Meli ikaondoka tukiitazama, nami nikakasirika karibu kulia. Akanipandisha kwenye kamioneti yake, akanipeleka Munigi mwenyewe.

Tulimkuta baba akipalilia, na hakuinua kichwa. Papa Mapipa akaketi juu ya jiwe. Sikuwahi kumwona ameketi hivyo, kama mtu mwenye siku nzima. Nikapiga magoti kati ya matuta, na baba akaliweka jembe chini, akaniwekea kichwani mkono wake wenye udongo.

"Wende, mutoto wangu," alisema. "Mutima yangu haina kitu juu yako. Kila fasi, kila pahali utafika, watu wakupokee."

Niliporudi kutoka Tanganyika nilikuta kaburi lake limeshaota majani. Nililia sana, sikufichi. Lakini nilimlilia mtu niliyemuaga.

Sasa nakuona na wewe hutulii, mfuko umeshafungwa, na mama yako hamsemezani. Sikuzuii kwenda, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ila pita kwake kwanza. Radhi ni bora kuliko mali. Gari likikuacha, litakuja jingine. Mama hana wa pili. Nenda ukainamishe kichwa, na mkono wake ukutangulie njia nzima, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu mwema.