Asubuhi ya Saa Tisa Alasiri

Walimwita Mama Pamba, maana kazi yake ya maabara ilikuwa kuwatia wagonjwa kipande cha pamba shavuni, kungoja kilowe mate, kisha kuandika saa. Kwa miaka kumi na minane alipita kati ya vitanda vya watu waliofumbua macho wasione, akinyata kama anayevuka ndoto ya mtu mwingine.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala seremala aliyeanguka kutoka juu ya paa miezi saba nyuma. Mama yake hakubanduka hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumkausha mate tena? Utambakishia nini?"

"Ya kukujibu, siku akichoka kukusikiliza."

Daktari alikuwa amewaeleza: mwilini mna homoni inayopanda asubuhi na kushuka jioni, nayo hupimwa kwenye mate, na huenda hata asiyejitambua bado anayo mizunguko hiyo. Ikionekana, seremala atabaki wodini, afanyishwe mazoezi saa ambayo mwili wake umechangamka. Isipoonekana, atarudishwa nyumbani na mpira wake wa kulishia.

Majibu yakaja ovyo. Jioni ilikuwa juu kuliko asubuhi. Fomu ya kumruhusu ikaanza kujazwa.

Siku iliyofuata Mama Pamba aliwahi zamu ya jioni. Akamkuta mama mtu anachovya kidole kwenye kikombe cha maziwa, anampaka mwanawe midomoni.

"Mama! Tangu lini?"

"Kila jioni. Tangu mdogo, huyu halali bila maziwa. Tone tu."

"Na akipaliwa? Halafu maziwa nayo yana homoni zake. Kumbe siku zote hizi tunampima ng'ombe!"

Mama mtu akacheka, kicheko kikageuka kilio. "Basi nimemfukuza mwenyewe."

"Bado hajatoka. Futa machozi, na hicho kikombe kinywe wewe."

Alimweleza daktari yote, bila kumficha mama wala kumchongea. Pamba zikarudiwa siku mbili, midomo ikiwa safi. Safari hii kilima cha homoni kilionekana, kidogo, lakini mahali pa ajabu: saa tisa alasiri.

"Mwanao mvivu wa kuamka," daktari akasema, na kuichana ile fomu.

Siku ya kwanza ya mazoezi, saa tisa, jua lilikuwa limejilaza sakafuni. Mama Pamba akafungua pazia. Mama mtu akainama sikioni.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Hawakumharakisha. Walikaa wakimngoja, kama angojwavyo mtu aliyetoka usingizini sasa hivi.