Maneno Niliyobaki Nayo

Mwaka ule nilikuwa nachoka hata kabla ya kuamka. Nilikuwa nimemzika mume wangu kijijini Mabamba, wilayani Kibondo, huko mpakani tulikokuwa tunalima. Matanga yalipokwisha watu wakarudi kwao, mimi nikabaki nimelala. Mama alisema ni agahinda, ndivyo tunavyoiita huzuni kwa Kirundi chetu cha nyumbani, na kwamba itapita. Haikupita. Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyenifunga kitenge na kunipandisha basi hadi Kasulu.

Hospitalini waliniambia nina sonona. Kabla ya kunipa dawa wakaniomba nipimwe kumbukumbu, kwani walikuwa wanachunguza jinsi wagonjwa kama mimi wanavyokumbuka maneno. Nilikubali kwa sababu hata kukataa kulihitaji nguvu.

Binti wa utafiti alinisomea maneno polepole: harusi, mzigo, asali, aibu, kicheko, upweke, na mengine mengi. Akaniuliza kidogo habari za safari, halafu akasema, "Sasa, mama, nitajie unayoyakumbuka."

"Mzigo," nikasema. "Aibu. Upweke. Kaburi."

Akainua macho. "Kaburi sikulisoma, mama."

"Umelisoma. Nimelisikia kwa sauti yako."

Hakubishana nami. Akamwita wifi aliyekuwa kwenye benchi nje, maana walihitaji pia wasioumwa ili walinganishe. Wifi akasomewa, akajibu maswali ya safari, kisha akafumba macho na kuanza kuyamwaga: "Harusi, asali, kicheko, zawadi, mzigo..."

"Huyu umemsomea mengine," nikamwambia binti.

"Ni yaleyale, mama. Yaleyale kabisa."

Akanieleza kwa upole kwamba mara nyingi ugonjwa huu hushika maneno mazito na kuyaachia ya furaha, na kwamba sijapungukiwa akili. Nikaitikia kwa kichwa. Kilichonichosha zaidi ni kufikiria kwamba kicheko kilitajwa mbele yangu, nami nikawa kama sipo.

Kwenye basi la kurudi Kibondo nilimwuliza wifi, "Hivi kaka yako alikuwa anacheka?"

Akanigeukia kana kwamba nimemtukana. "Unauliza kweli? Siku mliyohamia nyumba ya bati! Mvua ikapiga, hamsikilizani kwa kelele, akawa anakuita kwa ishara kama bubu, anacheka mpaka akakaa chini."

"Sikumbuki."

"Basi nitakusimulia tena."

Akanisimulia tena palepale, vumbi likiingia dirishani, nami nikasikiliza kama habari za jirani.

Bado nameza dawa. Usingizi umerudi, ila uchovu haujaisha wote. Wifi akija hunisimulia mambo ya kaka yake, na mengi nayapokea tu bila kuyaona. Juzi alikuwa anamenya mihogo uani, akaanza habari ya mbuzi wetu aliyetoroka, kaka yake akamkimbiza hadi karibu na mpaka.

"Hakuwa mbuzi," nikamkatiza. "Alikuwa ndama. Na kaka yako alirudi na kiatu kimoja, anajicheka mwenyewe."

Wifi akaacha kumenya, akanitazama.

Nilikuwa na uhakika. Nikamwomba aendelee peke yake na mihogo, nikaingia ndani kujilaza kidogo, maana kukumbuka kule kulikuwa kumenichosha.