Wote Walizaliwa Januari Mosi

Muuguzi wa kliniki ya kisukari wagonjwa walimwita Sista Daftari, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka kumi na tisa aliandika sukari za watu kwa mkono. Akiona sura tu, anakutajia dozi. Kisha kikaletwa kishikwambi. Semina siku mbili, cheti, haya nendeni! Walipoulizwa kama wako tayari, naye alinyoosha mkono. Angefanyaje, na wenzake wote wamenyoosha?

Kidude chenyewe king'ang'anizi. Bila tarehe ya kuzaliwa hakisogei, na wazee wale nani aliandikiwa tarehe? Foleni nayo imefika mlangoni. Basi wote akawawekea Januari mosi, mwaka wa kukisia, kazi ikaenda.

Jumatatu akaketi mbele yake mama mshonaji. Kipimo kikasoma sita, safi kabisa. Kishikwambi kikasema Alhamisi alikuwa na ishirini na nane, na daktari, anayezisoma namba hizo akiwa mjini, ameagiza aitwe haraka aongezewe insulini.

"Mama, Alhamisi ulikula nini?"

"Alhamisi sikuja, mwanangu. Nimekuja leo kwa sababu mmenipigia simu."

"Ulikuja. Hii hapa."

"Labda nimesahau," mama akasema kwa unyonge. "Uzee huu."

Sista akachanganyikiwa. Alhamisi alikuwa zamu ya wodini, hakuona kitu. Amwamini nani, huyu anayemjua au mashine aliyopewa cheti chake? Akajaza sindano, akaiweka chini, akaishika tena. Dozi ile kwa sukari ya sita ingemwangusha mama njiani. Lakini daktari kaandika! Alitamani kulia, mtu mzima yule.

"Alhamisi alikuja somo wangu," mama akakumbuka. "Jina letu moja, mtaa mmoja."

Sista akatafuta jina la somo. Likatokea faili moja tu, jina moja, Januari mosi moja, na simu ya huyu huyu aliyeketi hapa. Mashine ilikuwa imewafanya wanawake wawili mtu mmoja, na tarehe aliiandika yeye kwa mkono wake.

Akaiacha sindano mezani. "Mama, somo wako yuko wapi sasa?"

"Nimemwacha kalala. Tangu jana anakunywa maji, kiu haikatiki, hata kusimama hawezi. Alitaka kuja na mimi, nikamwambia pumzika, aliyeitwa ni mimi."