Kilango Kisichofunga

Praxeda hakumwona hata siku moja mkufunzi wake wa uuguzi akimwekea mgonjwa chombo cha kusikilizia moyo kikiwa baridi. Mkufunzi alikifumbata kwanza kiganjani mpaka kipate joto. "Sista, unakiatamia kama yai!" wagonjwa wanawake wa mtaa wa Chumbageni walimtania. "Kikitotoa, kifaranga ni chenu," aliwajibu bila kucheka. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini juu ya moyo wa ng'ombe aliouleta darasani vilipita taratibu. Alimimina maji upande wa kulia, akaeleza kwamba kutoka upande huu damu huenda mapafuni kuchukua hewa, kisha hurudi kushoto ili isukumwe mwili mzima. Akibonyeza, vilango vya ndani vilijifunga. "Damu hairudi nyuma," alisema. "Kilango kikivuja, moyo hufanya kazi maradufu, hata uchoke."

Mwaka 1956 mkufunzi alianza kupumzika katikati ya ngazi, na miguu ikamvimba. Alipolazwa katika wodi yake mwenyewe, alimwita Praxeda amsikilize. Praxeda aliomba kimoyomoyo asisikie kasoro yoyote. Akaweka chombo kifuani, na baada ya kila pigo akasikia mvumo, kama maji yapitayo kwenye ufa. Akainamisha uso mbele ya mtu aliyemfundisha kuusikia.

"Ni baridi, mwanangu," alisema mkufunzi, kwa sauti ambayo Praxeda hakuisikia tena baada ya siku ile. "Kipashe joto kwanza. Halafu waite wenzako, nao wakisikie kilango kisichofunga."