Vidole vya Ghorofa ya Juu

Marehemu dada yetu alikuwa na kazi ambayo mama haielewi mpaka leo. Alikaa sebuleni na kompyuta yake, akichunguza watu wanavyobofya matangazo ya picha, yale yanayojitokeza juu ya kurasa za mtandaoni.

"Yaani unalipwa kuwatazama watu wakigusa simu zao?" mama alimwuliza.

"Nalipwa kuwatafuta wasio watu, mama."

"Haya. Pepo wakikutokea humo ndani usiniite mimi. Mwite bosi wako."

Alicheka, lakini ndivyo kazi ilivyokuwa. Mwenye tangazo hulipia kila mbofyo, na wapo wenye kurasa wanaojibofyea wenyewe, simu zimepangwa ukutani kama vyombo dukani, zote zikitumia Wi-Fi moja, ili wavune bila kupanda. Dada aliwatambua kwa tabia. Binadamu husita. Huipita picha, huirudia, kidole humteleza pembeni. Akishabofya, husoma walau kidogo. Mbofyo wa uongo hauna shaka wala hauna haja. Unagonga, unaondoka.

Siku zile alikuwa akilinda tangazo la kliniki ndogo ya macho ya watoto. Mibofyo ilikuwa mingi ajabu, ikijidai kutoka miji mbalimbali, na kila siku fedha za tangazo zilikwisha kabla wazazi hawajaliona. Daktari alikwisha kulalamika kwa bosi: wanaobofya ni umati, lakini mlangoni kwake hafiki hata mtoto mmoja.

Mchana mmoja umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na chaji, intaneti akaichukua kwenye simu, akaendelea. Mara mstari wa mibofyo ukaporomoka kwenye skrini, miji yote kwa pamoja. Kisha, juu ya dari, jenereta ikanguruma. Mstari ukapanda tena.

Dada alitazama dari.

Ghorofa ya juu aliishi Mpole. Jina hilo alipewa na mama, kwa sababu alimpandishia mtungi wa gesi ngazi zote bila kuombwa. Alisema yeye ni fundi simu.

Kazi ilikuwa imemfundisha dada kutoamini jambo lililotokea mara moja, na mafunzo hayo ndiyo yaliyomponza. Umeme uliporudi, alishuka hadi chini ya ngazi, ziliko mita na swichi za nyumba zote. Simu mkononi, macho kwenye mstari, akazima swichi ya ghorofa ya juu. Mstari ukaanguka kama jiwe.

"Dada wa kompyuta."

Mpole alikuwa amesimama nyuma yake, miguu mitupu. Dada hakuwa amemsikia akishuka.

"Kumbe siku hizi wewe ndiye fundi umeme?"

"Nimekosea swichi, kaka. Kwetu kumezimika."

"Kwenu?" Akatega sikio. Kutoka juu redio ya mama ilikuwa ikiimba nyimbo za kumsifu Mungu, sauti imefunguliwa yote. "Mbona redio ya mama ina afya tele?"

Mpole akapitisha mkono karibu na shavu la dada, akaiwasha swichi taratibu. Macho yake yalikuwa kwenye simu ambayo dada aliikandamiza kifuani.

"Umeme si wa kuchezea, dada," akasema kwa upole uleule. "Unaua. Nisalimie mama. Leo yuko peke yake, siyo?"

Dada alipanda ngazi hajui kama anakanyaga. Akafunga mlango, akaukokotea meza. Simu ikaita, alikuwa bosi.

"Ripoti iko wapi? Jioni hii wenye kurasa wanalipwa. Pesa ikishatoka, imetoka."

"Bosi, wako juu yangu."

"Juu yako wapi?"

"Juu ya kichwa changu. Nawasikia wakitembea."

Bosi akashusha sauti, "Basi andika chanzo hakijulikani. Mambo yaishe."

"Kisipojulikana, malipo hayazuiliki. Na kesho wataila tena kliniki ya watu."

"Maisha yako je?"

Dada alikata simu. Alipiga magoti palepale kando ya meza, akaomba jambo moja tu: mama atoke salama kwanza. Kisha akamwendea bafuni.

"Mama, twende kwa mama mdogo."

"Leo? Na nguo nimeloweka?"

"Ziache."

"Niache nguo zioze? Wewe mtoto una homa?"

"Mama, nakuomba kwa jina la Mungu, vaa viatu."

Kwenye ngazi Mpole alikuwa akiwasubiri, au ndivyo dada alivyoona. Aliupokea mkoba wa mama bila kuulizwa, akawafuata nyuma. Ndala zake zilipiga kila ngazi. Dada aliweka mwili wake kati yake na mama, hakuthubutu kugeuka.

"Mnarudi lini, mama?"

"Mungu akipenda, mwanangu, kesho kutwa."

Akawafungulia mlango wa teksi, akauweka mkoba, kisha akainama dirishani upande wa dada. "Hiyo simu nayo uipumzishe, dada. Inakuchosha macho."

Teksi ilipokata kona, dada aliifungua ripoti kwenye simu. Mahali pa chanzo aliandika mtaa wao, jengo lao, ghorofa ya juu. Chini akaweka jina lake kamili. Akaituma.

"Kijana ana adabu yule," mama akasema. "Tukirudi nitamfulia hata mashuka."

Dada alimshika mkono, akaubana.

"Unaniumiza, mwanangu."

Hawakurudi. Malipo yalizuiwa, na wazazi wakaanza kuwapeleka watoto kwa daktari yule. Polisi walipofika ghorofa ya juu walikuta nyaya na misumari ukutani tu, Mpole hajapatikana. Dada aliendelea na kazi ileile, lakini kila nyumba aliyohamia, kabla ya kuuliza maji wala choo, aliuliza nani anaishi juu. Hata alipolazwa, maradhi yamemmaliza, nyayo zikipita ghorofa ya juu ya hospitali alikuwa akishtuka na kututafuta kwa mkono.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Tunaamini sasa amelala mahali ambapo juu yake hakuna mwingine ila Yeye.