Mkono Uliotoa Maji

Jumamosi tulimzika kijijini Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, alikozaliwa. Alikuwa jirani yangu hapa mtaa wa Kaloleni, Voi, mjane aliyepika katika shule ya bweni hadi akastaafu. Kwake mgeni hakuulizwa habari kabla ya kupewa maji, na aliyatoa mwenyewe kwa mkono wa kulia. Kisha kiharusi kikauchukua mkono huo, na wa kushoto haukuweza kuinua jagi. "Wageni wanajichotea kwangu kama kisimani," aliniambia. "Si afadhali nifunge mlango?"

Bintiye akamletea friji inayotoa maji mlangoni. Unaibonyeza kwa glasi tu. Fundi aliyekuja nayo kutoka Mombasa aliiunga moja kwa moja na bomba la mtaa, asijue kwamba hapa Voi, maji ya mgao yakirudi, bomba hukohoa hewa kwanza, halafu tope. Akina mama wa kanisa walipomtembelea, glasi ikajaa maji ya kahawia. "Kunyweni chai," akawaambia, "sukari ndiyo imeisha." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Walipoondoka, aliifunika friji kwa kitambaa cha meza, asiione.

Wasomaji wa safu hii wanajua kuwa mimi hujifunza kwa kusoma maelekezo na kujaribu polepole. Niliiunga friji na tangi lake la maji badala ya bomba la mtaa, nikaweka chujio, pampu ndogo, na koki mahali ambapo mkono wake wa kushoto ungefika. Nyuma ya friji nikaacha mpira wa maji wa ziada, umejizungusha.

"Jirani, huu umekubakia?"

"Hapana, Mama. Nimeuacha ili friji ikivutwa mbele wakati wa kufagia, usikatike."

Maji ya mwanzo, yenye ladha ya plastiki, aliyakinga kwa beseni yapelekwe kwenye mpapai. Mtu wa Makwasinyi hamwagi maji hivi hivi. Glasi ya kwanza safi akanipa mimi.

"Kaa. Kunywa. Halafu uniambie habari za nyumbani."

"Mama, si tumeshinda pamoja tangu asubuhi?"

"Sasa ndiyo umefika."

Tuliporudi nyumbani kwake kutoka mazishini, bintiye aliniambia nijihudumie. Nilibonyeza; maji yakatoka baridi, bila kukohoa. Siku hizi tunakisifu kifaa kwa kazi kinayomwondolea mtu. Hiki nakisifu kwa sababu kilimrudishia yeye kazi yake. Nilibaki nimesimama na glasi ile, nikisubiri kuulizwa habari za nyumbani, na sikuhisi kwamba nimefika.